Lushoto: kulala mjini au shambani mlimani? Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipia chumba

Wengi wanaopanga kwenda Lushoto huanza kwa kulinganisha bei za vyumba, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kinachotenganisha gesti ya mjini na nyumba ya wageni iliyo katikati ya mashamba kule Irente, Magamba au mbali zaidi kuelekea Mtae ni saa utakayofika, saa utakayoondoka, na mara ngapi utapanda na kushuka katikati yake. Ndiyo maana tunashauri uamue usiku mmoja mmoja, usifunge safari nzima mahali pamoja.

Anza na usiku wa kwanza. Ukiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha pale Mombo, unapanda kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona kali, ukipitia Soni. Mombo iko kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Anayetapika safarini akae viti vya mbele na asile akashiba kabla ya kupanda. Basi likichelewa njiani, utashuka stendi giza limeshaingia, na kipande cha mwisho cha kwenda shambani mara nyingi ni cha udongo, hakina taa, na utakipita juu ya bodaboda ukiwa na begi mgongoni. Usiku huo lala mjini. Usiku wa mwisho nao ni vivyo hivyo kama unarudi kwa basi: mabasi ya masafa marefu huondoka alfajiri, na aliyelala mlimani atalazimika kutafuta usafiri saa kumi usiku, ukungu ukiwa umetanda.

Mlima unabaki kuwa wa siku za katikati, na zisipungue mbili. Ukilala usiku mmoja tu, mchana wa kufika na asubuhi ya kuondoka vinaliwa na usafiri, halafu ukungu ukifunika genge la Irente siku hiyo hutaiona nyika kule chini. Ukiwa na mbili, unaweza kusubiri jioni iliyo wazi.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu uulize swali hili kama lilivyo: Noah inapanda mpaka mlangoni mvua ikinyesha? Usiridhike na jibu la "barabara ni nzuri". Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hujaa kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chupa. Gari linazungusha magurudumu palepale, au linateleza kiubavu kuelekea mtaroni. Kama jibu ni kwamba gari huachwa chini, uliza umbali wa kutembea na nani atabeba mizigo. Mwenye gari lake akumbuke kwamba kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Shuka kwa gia namba mbili na ukanyage breki kwa vipindi, kwa sababu breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na huacha kushika.

Baridi ndiyo huwashtua watu wa pwani. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita, na mashamba mengi yako juu kuliko mji. Juni hadi Agosti beba sweta zito, soksi na koti la mvua, na uliza kuna mablanketi mangapi kwa kila kitanda. Hapa tunasema kwa mkazo: usikubali jiko la mkaa liwekwe chumbani usiku ili kupasha joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki. Sehemu ya kuotea moto yenye bomba la moshi linalovuta vizuri inafaa. Moshi ukirudi chumbani, zima moto, fungua madirisha, uombe blanketi la ziada.

Maji ya moto nayo yanahitaji maswali mawili. Kama yanachemshwa kwa kuni, uliza moto huwashwa saa ngapi, maana pipa huchukua muda kupata joto na wageni wa mwisho hukuta yamepoa. Kama ni hita ya umeme ya bafuni, elewa inavyofanya kazi: hita ya wati 5,000 inaweza kupandisha joto la maji kwa nyuzi 20 yakitoka lita tatu na nusu hivi kwa dakika. Ukifungua bomba mpaka mwisho yakatoka lita saba, yanapanda nyuzi 10 tu, na maji yaliyolala kwenye tangi mlimani mwezi wa saba yanabaki ya kutetemesha. Wageni hudhani hita ni mbovu. Fungua bomba nusu, subiri kidogo.

Umeme ukikatika, mjini hoteli nyingi huwasha jenereta. Shambani unaweza kukuta sola inayotosha taa na kuchaji simu basi. Birika la umeme linakula wati 1,500 na zaidi, pasi nayo haiko mbali, na ukichomeka kimojawapo unaweza kuzima nyumba nzima. Nyoosha nguo kabla ya safari, beba tochi na pawa benki. Kuhusu simu, uliza mtandao gani unashika ndani ya chumba, kwa sababu bonde moja tu linaweza kukata mawasiliano.

Chakula hakina maneno mengi. Mjini unatoka na kuchagua. Shambani hupika kwa idadi, kwa hiyo toa oda mapema, taja watoto na asiyekula kitu fulani, na uliza kama bei ni ya kulala na chai tu au na chakula cha usiku. Baadhi ya nyumba za huko ni za kanisa na haziruhusu pombe.

Sasa rudi kwenye bei. Tuseme chumba cha shambani ni nafuu kwa shilingi 15,000 kwa usiku, mko wawili, mnakaa usiku mbili. Mmeokoa 30,000. Mkishuka mjini mara moja na kurudi, pamoja na kufika na kuondoka, hizo ni safari nne. Kama bodaboda ni 5,000 kwa kila mtu, mmetumia 40,000. Kinyume chake, kama matembezi yenu yote ni Irente au msitu wa Magamba na hamna haja ya mji, shamba linawapunguzia gharama. Msitu huo ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, una kiingilio, basi kamilisha malipo na mwongozaji kabla ya kuanza safari.

Mwenye mimba iliyokaribia, mzee mwenye shida ya kifua, au mtoto anayepata degedege, alale mjini karibu na hospitali ya wilaya. Mwingine anayelala mjini aombe chumba cha nyuma, mbali na stendi na baa.

Unapotuma advansi, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mahali au la mtu uliyetajiwa, na omba ujumbe wenye tarehe, idadi ya watu, kiasi kilichobaki na masharti ya kuahirisha mvua ikifunga barabara. Toa fedha taslimu mjini kabla ya kupanda. Siku ya kwenda, piga tena ukiwa bado Mombo, useme uko wapi na utafika saa ngapi, ili mtu awepo getini.