Petroli yenye ethanoli kwenye gari la kale: anza na mipira, kabureta baadaye

Injini ikiwa imepoa, chukua kitambaa cheupe kikavu, ukipitishe kwenye kila mpira wa mafuta kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kisha kinuse. Kikinuka petroli, au mpira ukiacha weusi juu yake, mpira huo umekwisha hata kama kwa nje unaonekana mzima. Kazi ya kuliandaa gari la kale kwa petroli yenye ethanoli, yaani alkoholi, huanzia hapo. Kurekebisha kabureta kunafuata, na dawa za kumimina tangini hufuata nyuma kabisa.

Namba zilizoandikwa kwenye pampu ya kituo ni rahisi kuzisoma: E5 ni petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, na E10 isiyozidi asilimia 10. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021, huku E5 ikibaki kwenye daraja la juu la oktani 97 na kuendelea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, gari la kale lipe E5. E85, yenye ethanoli hadi asilimia 85, usiiguse kabisa, maana hiyo inahitaji mfumo mzima wa mafuta ulioundwa kwa ajili yake. Hata hivyo, ethanoli si sumu ya injini. Brazili imetumia petroli yenye ethanoli nyingi kuliko E10 kwa miaka mingi, na magari yaliyoundwa huko enzi za kabureta ili yatumie alkoholi yalipewa kabureta zilizopakwa nikeli kuzuia kutu. Ugomvi wa ethanoli ni na vifaa vilivyochaguliwa kabla haijafikiriwa.

Kama hujui kilichomo tangini, pima. Tafuta chupa nyembamba ya kupimia yenye alama hadi mililita 100 na kifuniko kisichopitisha. Tia maji mililita 10, kisha petroli hadi ifike 100. Funga, tikisa kwa dakika moja, legeza kifuniko kidogo mvuke utoke, uiache chupa itulie dakika kumi. Ethanoli huiacha petroli ikaungana na maji, kwa hiyo mstari unaotenganisha maji na petroli hupanda. Ukisimama kwenye 19, mililita 9 za ethanoli zimetoka katika mililita 90 za petroli: hiyo ni E10. Ukiishia karibu na 14 au 15, ni E5. Ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Fanyia kipimo hiki nje, mbali na moto, na mafuta hayo usiyarudishe tangini.

Mipira

Mpira wa mafuta wa zamani ukikutana na ethanoli hufura na kulainika, na ngozi yake ya ndani huanza kubanduka. Vipande vinavyobanduka ni vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa. Vinasafiri na petroli hadi kwenye kabureta, vinakwama kati ya sindano, ambayo hufunga njia ya petroli, na kiti chake, na sindano haifungi tena. Kibakuli cha petroli cha kabureta kinafurika na petroli inamwagika, na kwenye magari mengi ya kale chini ya kabureta kuna manifoldi ya ekzosti, yaani paipu za moshi, yenye moto mkali. Gari huungua hivyo, na mwenye gari hubaki akilaumu kabureta wakati kosa lilianzia mita mbili nyuma yake.

Nunua mpira ulioandikwa ubavuni SAE J30 R9. Alama hiyo maana yake bitana ya ndani ni ya fluoroelastoma, mpira maalumu wa jamii ya Viton, ambayo ethanoli haiiwezi. R6 na R7 huuzwa kwa bei nafuu na zinafanana nao kwa macho, lakini hazitoshi. Mpira usio na maandishi yoyote uache dukani, muuzaji aseme atakavyosema. Ile yenye nyuzi za nguo kwa nje inapendeza kwenye gari la maonyesho, ila nyuzi huficha nyufa, kwa hiyo hakikisha kilicho ndani yake ni R9 kweli.

Pima paipu kabla ya kununua. Magari mengi ya Uingereza na Marekani yana paipu za robo inchi, yaani milimita 6.35, au za 5/16, karibu milimita 8. Mpira wa milimita 8 juu ya paipu ya robo inchi utavuja hata ukaze klipu hadi ikatike. Usukume mpira uingie angalau milimita 25, upite uvimbe wa mwisho wa paipu, na klipu ikae nyuma ya uvimbe huo. Tumia klipu za mafuta zenye kingo zilizokunjwa, kwa sababu zile za mkanda wenye matundu hukata mpira taratibu kila zinapokazwa. Kabla ya kuanza, chomoa waya wa hasi wa betri na uweke karibu kizimamoto cha unga au povu. Maji hueneza moto wa petroli.

Ipo mipira isiyoonekana kwa haraka: ule wa shingo ya kujazia tangi, wa kupumulia tangi, na kile kipande kifupi kinachounganisha kabureta mbili. Badilisha yote kwa pamoja na uandike tarehe mahali. Baada ya miaka mitano ibadilishe tena, hata kama haijavuja.

Vifaa vingine vinavyoliwa

Diaframu, yaani utando wa ndani, ya pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini ndiyo inayofuata kwa hatari. Ikitoboka, petroli inaweza kushuka moja kwa moja kwenye oili. Vuta kijiti cha oili: kiwango kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza, na oili inanuka petroli, usiiwashe injini hata mara moja. Oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye beringi. Badilisha diaframu kwa iliyotajwa kuwa inafaa kwa ethanoli, kisha mwaga oili na ubadilishe filta yake.

Ndani ya kabureta, sindano iwe na ncha ya Viton. Boya, ambalo mafundi wengi huliita floti, litazame kwa makini. La kizibo (koki, gome jepesi la mti) lililopakwa shelaki, aina ya vanishi, litaharibika, kwani shelaki huyeyuka kwenye alkoholi, na kizibo kikinywa petroli boya huzama na kabureta hufurika. La shaba lililounganishwa kwa risasi litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, lina tundu. Gaskiti za kizibo nazo hupoteza umbo. Kwa upande wa metali, zinki, alumini na risasi iliyopakwa ndani ya matangi ya chuma huweza kuliwa, na kasi huongezeka maji yakiwemo, maana ethanoli yenye maji hupitisha umeme kuliko petroli tupu. Unga mweupe chini ya kibakuli cha kabureta ndiyo dalili yake.

Matangi ya faibaglasi, hasa ya pikipiki za kale, yanataka uamuzi kabla ya kujaza. Resini ya zamani hulainika, na ikiingia kwenye injini huacha utando unaonata kwenye vali. Hapo ni tangi jipya, au bitana ya epoksi iliyoandikwa wazi kuwa inastahimili ethanoli. Hata tangi la chuma lililowahi kupakwa bitana ya zamani linaweza kukuletea maganda: ingiza taa isiyotoa cheche, uangalie kama rangi ya ndani imevimba au kuning'inia.

Ethanoli pia huosha. Uchafu ulioganda tangini miaka thelathini utalegea kwenye matangi ya kwanza mawili na kukimbilia mbele. Weka filta ya chuma kati ya tangi na pampu, uibadilishe baada ya matangi mawili, kisha urudi kwenye ratiba ya kawaida. Filta za plastiki angavu zinakuonyesha uchafu, ndiyo, lakini kwenye joto la boneti plastiki hupasuka.

Kabureta

Ethanoli imebeba oksijeni ndani yake. Petroli tupu huhitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo ya mafuta, na E10 huhitaji takriban 14.1. Kabureta haina akili ya kulijua hilo, kwa hiyo injini inapata mafuta haba kwa karibu asilimia 4. Gari lililokuwa limepangwa sawasawa huenda lisionyeshe chochote. Lile lililokuwa tayari kwenye ukingo wa uhaba litamisi likiwa bado baridi, litasita ukikanyaga mafuta ghafla, litapata joto kupita kawaida, na mwishowe vali za ekzosti zitaungua. Usirekebishe kwa kubahatisha. Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa wastani, zima injini hapo hapo bila kuiacha ikinguruma gari likiwa limesimama, na ufungue plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe au kijivu kikavu maana yake mafuta ni haba.

Kwenye kabureta za SU, shusha jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta, kwa kuzungusha nati yake upande mmoja bapa tu, yaani moja ya sita ya mzunguko. Kisha, injini ikiwa ya moto, inua pistoni ya kabureta karibu milimita moja. Injini ikipanda mwendo kidogo halafu ikatulia, umepatia. Ikipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikitaka kuzima, bado ni haba. Kwa kabureta mbili, zungusha zote kiasi kilekile.

Kwenye kabureta za Weber na Solex, namba ya jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, na mafuta hufuata eneo la tundu wala si kipenyo. Kutoka 120 kwenda 122 eneo linaongezeka asilimia 3.4, karibu sawasawa na unachohitaji kwa E10. Kurukia 125, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ndiyo iliyopo rafuni, kunaongeza asilimia 8.5: mara mbili ya haja. Jeti usiipanue kwa waya wala kwa kekee ya mkononi. Tundu likipoteza umbo, namba yake haina maana tena.

Ukitumia kipimo cha lambda (uwiano wa hewa iliyoingia na ile inayohitajika) kwenye ekzosti, elewa kwamba kipimo kilichopangwa kwa petroli huzidisha lambda kwa 14.7 ili kukuonyesha kilo za hewa. Lenga namba zilezile ulizozizoea, usihesabu upya kwa 14.1. Taiming, yaani wakati wa kutoa cheche, iache ilivyo: ethanoli inaongeza oktani, injini haitagonga kwa ajili yake. Na kuliwa kwa viti vya vali kulikoanza baada ya risasi kuondolewa kwenye petroli ni jambo jingine kabisa, ethanoli haihusiki.

Joto

Mchanganyiko wa E10 hutoa mvuke kwa urahisi kuliko petroli tupu. Dalili ni hii: umeendesha vizuri, umezima dakika kumi, ukirudi injini inazunguka bila kushika. Petroli imechemka kwenye paipu au kibakuli. Sogeza paipu mbali na ekzosti, weka ngao ya bati chini ya kabureta, na kati ya kabureta na manifoldi weka kipande kinene cha kuzuia joto, gaskiti mbili pande zake. Kipande hicho huinua kabureta, kwa hiyo ukipima kwanza nafasi iliyopo chini ya boneti utajiepusha na usumbufu. Tatizo likiendelea, pampu ya umeme karibu na tangi husaidia, kwa sababu mafuta yanayosukumwa huchemka kwa shida kuliko yanayovutwa. Ifunge na swichi inayoizima gari likigongwa, na shinikizo lisizidi lile la kabureta yako, la sivyo sindano itasukumwa ifunguke.

Kulihifadhi na kuliamsha

Ethanoli huvuta unyevu wa hewa. E10 inaweza kubeba maji takriban mililita 5 kwa lita kwenye nyuzi 15 hivi. Yakizidi, au baridi ikishuka, maji na ethanoli hujitenga na kuzama chini ya tangi, mahali hasa paipu inapovutia. Tabaka hilo haliwaki vizuri na linakula chuma, huku petroli iliyobaki juu ikiwa imepoteza oktani. Mafuta yaliyojitenga hayarudishwi na dawa yoyote: mwaga yote.

Gari likisimama zaidi ya mwezi, jaza tangi karibu lijae, ubakize nafasi ndogo ya kutanuka, ili hewa yenye unyevu isipate pa kukaa. Tia kiimarishaji chenye kinga ya kutu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ukitie petroli ikiwa mbichi, kwani hakifufui iliyochacha. Endesha dakika kumi ifike kwenye kabureta. Kwa kusimama kwa zaidi ya miezi mitatu ni bora kumwaga tangi na kuiacha injini imalize petroli ya kibakuli.

Siku ya kuliamsha, kabla ya kuwasha, chota nusu lita kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Ukiona mstari au mawingu, mwaga. Ikiwa safi, jaza kibakuli kwa pampu, kisha simama kando ya boneti iliyo wazi kwa dakika tano ukiwa na kitambaa kilekile cheupe, na ukipitishe kwenye kila kiungo kabla ya kugeuza ufunguo.