Kabla ya kumlipa mwalimu wa sauti

Omba somo moja la majaribio, uende na ubeti mmoja tu: ule unaokukaba koo kila ukiuimba. Jirekodi kwa simu kabla na baada. Mwalimu anayekufaa atakubadilishia kitu unachoweza kukifanya papo hapo: atashusha ufunguo, yaani wimbo mzima uuimbe kwa sauti ya chini zaidi, atakwambia ulegeze taya kwenye "i" ya juu, au atakuonyesha pa kuvuta pumzi. Anayesema tu "imba kwa hisia", mshukuru uondoke. Kipimo hiki hakifai kama sauti imekwaruza kwa wiki kadhaa. Hapo ni daktari wa masikio, pua na koo kwanza. Wala hakitoshi kwa anayetaka taarab asilia: baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya vitufe vya kinanda, na mwalimu wa kwaya, hata awe hodari, huenda hajazizoea.