Mikwaruzo kwenye bunduki ya Lee-Enfield ya vita: ya kiwandani au imeharibika?

Juzi mzee mmoja jirani yangu hapa Birmingham kaniita niangalie Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyorithi kwa kaka yake, imeshazimwa (haiwezi tena kufyatua risasi) na cheti chake kipo. Nimemkuta na msasa mkononi, anataka kutoa mikwaruzo. Mzee wangu, weka chini kwanza!

Kama na wewe unayo ya hivyo fanya hivi.

1. Hakikisha iko tupu. Magazini ya risasi nje, bolti (kile chuma chenye mkono unachovuta) nyuma, chungulia, kidole ndani. Iliyozimwa mara nyingi bolti imechomelewa haitoki, basi.

2. Soma mwaka. Angalia ile shingo ya chuma inapoingia kitako, upande wa kushoto. M47C ni kampuni ya BSA pale Shirley, ROF ni viwanda vya silaha vya serikali: ROF (M) ni cha Maltby, ROF (F) ni cha Fazakerley kule Liverpool. Ukiona US PROPERTY imetengenezwa Marekani. Ikiwa ni 1941 mpaka 1945 tegemea kazi ya haraka, maana jeshi la Uingereza lilipookolewa kwa meli kutoka Dunkirk mwaka 1940 lilikuwa limeacha silaha kibao Ufaransa na kiwanda hakikuwa na muda wa kung'arisha. Wakaguzi walipima vipimo, uzuri haukuwa na geji.

3. Tofautisha mikwaruzo. Hapa ndo nilipoteza Jumamosi nzima na bunduki yangu ya kwanza, nikasugua mpaka ikang'aa kama sufuria, kumbe nimefuta na mihuri ya wakaguzi, thamani yote kwaheri.

Chukua tochi uilaze pembeni kabisa, mwanga upite juu juu ya chuma, usimulike kwa mbele utaona weusi tu. Alama za mashine zinakwenda sambamba, umbali sawa, kama matuta ya shamba lililolimwa kwa trekta, na kwenye mtutu zinazunguka kama pete. Sasa tafuta mahali herufi ya muhuri imekaa juu ya hiyo mistari. Kama herufi imeikata mistari, yaani mistari ilikuwepo kabla ya muhuri, hiyo ni ya kiwandani, iache. Kama mstari ndo umepita juu ya herufi, kuna mtu kaja baadaye na tupa.

Ila usitegemee rangi. Watu wanasema mikwaruzo ikiwa chini ya rangi nyeusi basi ni ya zamani, si lazima, kwa sababu nyingi zilirudishwa kiwandani baada ya vita zikakarabatiwa na kupakwa upya, ukiona FTR (alama ya ukarabati huo) na mwaka imechorwa ubavuni kwa kalamu ya umeme ujue ndo hiyo. Na mafundi wa kuzima nao wanaacha makovu ya kuchomelea, usimlaumu mtu wa 1942 kwa hayo.

Mstari uliopinda-pinda peke yake ndo wa kuogopa, unaweza kuwa ufa. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda yachore mstari kwenye chaki. Mkwaruzo wa juu hauchori kitu. Mi naamini chaki kuliko hizo dawa za kupuliza za bei mbaya.

4. Vipande vya rahisi. Bamba la kitako la zinki badala ya shaba, saiti ya nyuma (ya kulengea) ya kugeuza yenye matundu mawili tu, yadi 300 na 600, mbao za rangi tofauti, yote kawaida ya vita. Usikimbilie kununua "za kweli".

5. Namba. Ya kwenye mzizi wa mkono wa bolti ifanane na ya shingoni.

6. Kusafisha. Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi. Basi. Steel wool hata ile laini kabisa mi siitaki karibu.

Ya mzee ilikuwa Maltby 1943, mistari kama matuta na herufi zimeikata vizuri. Nimemwachia kitambaa, msasa nimeondoka nao.