SOMO: Ujumbe wa afya umeingia kwenye kundi la ukoo, uukague vipi kabla hujausambaza

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita, saa tano usiku, shemeji alitupia kwenye kundi la ukoo ujumbe mrefu: ukiwa peke yako ukapata mshtuko wa moyo, una sekunde kumi tu kabla hujazimia, hivyo vuta pumzi ndefu, kohoa kwa nguvu, rudia kila baada ya sekunde mbili mpaka upate msaada. Mwisho ukasema watumie watu kumi. Mama yangu, ambaye anameza dawa za presha mwaka wa nane huu, aliunakili kwenye daftari lake la kliniki. Nilipouona mle ndani nikajua hapa pana somo.

Hatua ya 1. Tazama juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili, WhatsApp inakwambia umeshapitishwa mara tano au zaidi tangu ulikoanzia. Si lazima uwe uongo. Ila aliyekutumia naye katumiwa, hivyo kumbana shemeji hakusaidii.

Hatua ya 2. Toka nje ya ujumbe. Wengi wetu huusoma mara tatu tukitafuta kasoro, na uliotungwa vizuri hauna kasoro ya kuonekana. Chukua maneno mawili matatu, katafute wengine wanasemaje. Kwa Kiswahili nilipata kurasa chache zilizonakiliana, nikajaribu Kiingereza changu cha kuungaunga. Dakika mbili hazikuisha: ujumbe huu ulikuwa ukizunguka kwa barua pepe Marekani tangu 1999, ukitaja hospitali moja ya Rochester, New York, ambayo ilikana kuhusika. American Heart Association, chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo, nacho hakishauri watu wafanye hivyo.

Hatua ya 3. Tafuta punje ya ukweli. Usiruke hapa, maana uongo mtupu haudumu miaka yote hiyo. Kukohoa kumewahi kutumika hospitalini, mgonjwa akiwa kitandani, mashine inasoma mapigo yake, na mapigo yakivurugika ghafla daktari aliye pembeni anamwambia akohoe ili asizimie wakati wanamhudumia. Ujumbe umechukua tukio hilo ukalihamishia sebuleni kwako. Pia umechanganya mambo mawili: mshtuko wa moyo ni damu kuzibwa isifike kwenye msuli wa moyo, na mtu anaweza kuwa anaongea kabisa, moyo kusimama ni jambo jingine, huyo anazimia ndani ya sekunde chache. Mwenye maumivu ya kifua anayebaki kukohoa anapoteza muda. Aketi, aite jirani, apelekwe hospitali, na asiendeshe gari mwenyewe.

Hatua ya 4. Uliza bila kuweka jibu mdomoni. Ukiandika "kitunguu saumu kinatibu presha", utaletewa kurasa zenye maneno hayohayo, na nyingi zitakubaliana nawe. Andika "matibabu ya presha ya kupanda" uone kama kitunguu kinatajwa, na kinatajwa wapi.

Hatua ya 5. Nani kaandika, lini, anauza nini? Ukurasa unaoishia na namba ya kuagiza dozi, funga. Mimi huanzia Shirika la Afya Duniani au MedlinePlus, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo ni bure na haina matangazo.

Hatua ya 6. Rudisha majibu, kwa adabu. Nilimwandikia shemeji pembeni kwanza. Akaufuta mwenyewe. Ningemrukia mbele ya wakwe, angeutetea mpaka kesho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, ikiwa ni sauti na si maandishi?
Jibu: Sikiliza na kalamu mkononi, andika ugonjwa, dawa na hospitali anayotaja, kisha rudi hatua ya 2. "Mimi ni daktari" bila jina wala kituo, ichukulie kama sauti ya abiria kwenye daladala.

Swali (Mombasa): Ile programu ya akili mnemba hunijibu kwa Kiswahili sanifu. Si nimalizie hapo?
Jibu: Sanifu ndiyo inayotuponza. Iambie itaje chanzo, halafu kifungue. Mara nyingine kinachotajwa hakipo, au kipo na kinasema kingine.

Swali (Dodoma): Bando limekata na bibi anataka jibu sasa hivi.
Jibu: Kwa Tanzania piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Hukatwi salio.

Swali (Morogoro): Mume wangu ameona video, ameacha vidonge vya sukari, anakunywa unga wa mlonge. Nimtumie kurasa gani?
Jibu: Dada, usianze na kurasa. Mpime sukari leo kama kipimo mnacho, muende kliniki na hiyo video kwenye simu, mhudumu aione. Mlonge ni mboga nzuri, lakini vidonge haviachwi kwa sababu ya video. Akianza kukojoa sana, kiu kali, kutapika au kuchanganyikiwa, msisubiri siku ya kliniki.

Swali (Tanga tena): Na mama, kaufuta kwenye daftari?
Jibu: Kagoma. Ila pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "Kumuuliza daktari Jumatano."