Somo: Kukusanya vitabu vya manowari ukiwa Moshi, na jinsi ya kuikagua sahihi

Watu huniuliza mtu wa Moshi anatafuta nini kwenye vitabu vya manowari, wakati maji makubwa tuliyo nayo jirani ni Bwawa la Nyumba ya Mungu. Jibu langu ni Kahe.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliimaliza tarehe 11 Julai 1915, kwa kuleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kupanda mtoni. Meli ilikufa, lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu. Mmoja ulifika Kahe, hapa chini tu, ukapigana na majeshi ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, Machi 1916, na Wajerumani wakauharibu wenyewe kabla ya kurudi nyuma. Mwingine umesimama Fort Jesus, Mombasa, ukienda utauona. Kwa hiyo vita vya majini vilitufuata huku huku mlimani.

Sasa tuingie kwenye somo.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

Ukisema unakusanya historia yote ya majini utamaliza mshahara kabla hujamaliza rafu ya kwanza. Mimi nilijifunga kwenye Bahari ya Hindi na maziwa yetu, 1896 hadi 1918. Humo mna vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyokwisha kwa dakika 38 hivi, meli ya Sultani, Glasgow, ikiwa imezama bandarini. Mna Ziwa Nyasa, ambako meli ya Waingereza Gwendolen iliivamia ya Wajerumani Agosti 1914 ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Mna boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou, zilizotolewa Uingereza zikavutwa porini hadi Ziwa Tanganyika. Kona ndogo namna hii ina faida moja: baada ya mwaka mmoja unamzidi muuzaji kwa ujuzi, na hapo ndipo bei nzuri inapopatikana.

Hatua ya 2: Jua vinakopita

Wengi hukimbilia soko la mitumba la Memorial. Memorial nenda, lakini kwa viatu. Vitabu vizuri nimevipata kwa watu wanaohama. Arusha ndiyo mgodi wenyewe: wageni wa mashirika, madaktari, walimu wa shule za kimataifa, wote hufika wakati wakafunga mizigo, na vitabu ndivyo vitu vya kwanza kuachwa maana ni vizito. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda ilipofungwa mwisho wa 2015, kila wikendi kulikuwa na nyumba inayouza vyombo. Wenzangu waligombea majokofu, mimi nikainama kwenye maboksi.

Ukifika kwa muuzaji wa vitabu vilivyotandazwa chini, usiulize historia ya majini. Atakwambia hana, naye anasema kweli anavyojua yeye. Omba lile boksi ambalo si la shule wala la dini. Ukikiona unachokitaka usishtuke. Chukua vitatu, hicho kiwe cha katikati, uulizie bei ya jumla. (Mama mmoja muuzaji aliniambia ujanja huo anaujua tangu miaka ya tisini. Bado akanipunguzia.)

Kitabu chenye muhuri wa maktaba kisicho na muhuri wa kuondolewa, kirudishe chini. Hicho bado kina mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma umri wake

Geuza ukurasa wa nyuma ya ule wa jina. Vitabu vingi vya miongo ya karibuni vina msururu wa namba, 1 hadi 10. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika, kwa hiyo 1 ikiwepo kwa kawaida ni chapa ya kwanza. Kwa vya zamani tazama ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu. Uingereza ilianza na namba tarakimu tisa mwaka 1967, zikawa kumi 1970, na kumi na tatu Januari 2007. Mtu akikwambia kitabu ni chapa ya 1932 huku nyuma kina ISBN, mshukuru na uendelee na safari.

Usilitupe koti la karatasi linalofunika jalada hata kama limechakaa. Wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa ajili ya koti kuliko kwa kitabu chenyewe. Bei kwenye pindo lake nayo inasema: Waingereza waliacha kuhesabu kwa shilingi na peni za zamani tarehe 15 Februari 1971, hivyo koti lenye 25s. (shilingi 25) bila bei nyingine ni la kabla au la kipindi kile kile. Pindo likiwa limekatwa kona, bei imeondolewa, mara nyingi kwa sababu kilikuwa zawadi.

Hatua ya 4: Sahihi

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoliwa. Nilinunua kwa mtu, simtaji, kumbukumbu za admirali mmoja zenye sahihi yake nzuri ya wino mweusi chini ya picha. Nilirudi nyumbani kwa boda nikiwa nimekikumbatia kama mtoto. Wiki ya pili nikaona nakala nyingine ya kitabu kile kile, na sahihi ile ile, mahali pale pale, mkia wa herufi umepinda vile vile. Ilikuwa imechapwa kiwandani.

Tangu siku hiyo natembea na lenzi ya madalali wa tanzanite, ile inayokuza mara 10. Wino wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi, na pale mistari inapokatizana rangi hukolea. Ncha ya kalamu huacha mfereji, na ukipapasa nyuma ya ukurasa wakati mwingine utausikia kwa kidole. Sahihi ya kiwandani haina mfereji, unene wake haubadiliki inavyobadilika nguvu ya mkono, au utaona imejaa vitone.

Halafu uliza kalamu ina umri gani. Kalamu ya biki, yenye kigololi nchani, haikuenea madukani kabla ya miaka ya 1940. Sahihi ya biki yenye tarehe ya 1920 ni kichekesho. Uliza pia jina. Wakuu wa Uingereza wakipewa cheo cha ulodi hubadilisha sahihi, na admirali Mountbatten alipata cha Burma 1946. Ukiona "Mountbatten of Burma" imeandikwa 1943, funga kitabu. Nelson, admirali mwingine wa Uingereza, naye alipoteza mkono wa kulia kule Tenerife Julai 1797, akajifunza kuandika kwa kushoto, na mwandiko wake wa kabla na baada ni kama wa watu wawili. Wa Nelson hutaukuta Moshi, lakini kanuni ni hiyo: sahihi lazima ikubaliane na maisha ya aliyeiandika.

Chombo kingine ni taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi nyingi za baada ya 1950 hivi zina dawa ya weupe inayong'aa buluu chini ya taa hiyo, za zamani hazing'ai. Ukurasa mmoja uking'aa ndani ya kitabu cha 1919, umebandikwa.

Na sasa maoni yangu, mnaoweza kuyapinga. Sahihi tupu naiweka chini ya maandishi ya msomaji. Kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilikinunua shilingi 3,000, hakina sahihi yoyote. Ila kwenye ukurasa unaotaja Kahe, mtu ameandika pembeni kwa penseli, kwa Kiingereza: si hapa, ni karibu zaidi na daraja.

Hatua ya 5: Kuvitunza

Masika ndiyo adui. Usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje, acha upenyo wa vidole vinne hewa ipite, na miguu ya kabati isiguse udongo, mchwa hawahitaji mwaliko. Kitabu kipya kikae peke yake kwanza. Ukiona vumbi la wadudu, kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza kali siku kadhaa, na ukikitoa usifungue mfuko mpaka kiwe na joto la chumbani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Usa River: Mkuu, nimepata kitabu chenye sahihi isiyo ya mwandishi. Kimeandikwa jina, halafu "Lt., R.N." na 1917. Kina thamani?

Huenda kina thamani kuliko kama kingekuwa na sahihi ya mwandishi. R.N. ni jeshi la majini la Uingereza, na huyo alikuwa luteni. Orodha za maofisa wao za miaka hiyo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure. Mtafute alikuwa meli gani. Akitokea kuwa alikuwa pwani yetu, nipigie kabla hujamwonyesha mtu.

Mwanachama wa Himo: Koti limechanika, nimelibandika selotepu. Nimekosea?

Umekosea, dada, pole. Gundi yake hugeuka njano na kuingia kwenye karatasi. Usiivute, utatoka na wino. Iache hivyo, lifunike koti kwa plastiki safi.

Mwanachama wa Sakina: Kaka, kuna mzee anauza vitabu vya Kijerumani vyenye herufi za pembe pembe. Sisomi hata neno.

Nunua kama picha na ramani zipo zote, zihesabu kwa kufuata orodha ya mbele. Herufi hizo Wajerumani waliziacha rasmi 1941, utazizoea: s ndefu inafanana na f, ndiyo inayowachanganya wengi. "Auflage" ni chapa. Ukiona "11.–20. Tausend", ujue hiyo ni nakala kati ya elfu ya kumi na moja na ya ishirini, si ya mwanzo.

Mwanachama wa Majengo: Mwalimu, Liemba inaingia kwenye kona yako au hiyo ni meli ya abiria?

Inaingia kwa miguu yote miwili. Iliundwa Papenburg 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa tena Kigoma na kuingia majini 1915. Ilifungwa mizinga, na mmoja ulitoka Königsberg. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 wakiwa wameipaka grisi mitamboni, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina tulijualo.

Mwanachama wa Majengo tena: Na kile cha penseli cha Kahe, unakiuza?

Hapana. Ila Jumamosi naenda nacho Kahe kulitafuta daraja. Nafasi ipo ya mtu mmoja kwenye gari, mafuta tunachangia.