Somo: Kupima udhibiti wa mkono wa bandia nyumbani kwa gemu

Naandika mara moja ili nisiulizwe tena kila wiki: ndiyo, aliyekatwa mkono chini ya kiwiko anaweza kujipima nyumbani jinsi anavyoudhibiti mkono wa bandia, hapa hapa Tanga, kwa gemu ya kompyuta inayoongozwa na misuli ya kigutu.

Kwanza, chaji vifaa vyote.

Pili, osha kigutu kwa sabuni, ukikaushe.

Tatu, bandika vihisio viwili, yaani vifaa vidogo vya kunasa umeme wa msuli: kimoja juu ya msuli uliokuwa ukikunja kiganja (ishara ya kufunga), kingine juu ya ule uliokuwa ukikikunjua (ishara ya kufungua). Hapa ndipo nilipoboronga. Mwezi mzima alama zangu za gemu zilijaa na kupwa kama bahari ya Raskazone, nikaamini msuli umechoka, kumbe kila asubuhi nilihamisha kihisio kwa upana wa kidole, na joto la kaskazi likinitoa jasho chini yake. Umeme wa msuli ni sehemu chache tu za elfu za volti, pengine chini ya hapo. Kihisio kikihama kidogo, hupokea msuli wa jirani. Tieni alama kwenye ngozi, wala msibadilishe kiwango cha wepesi wa kihisio kunasa ishara katikati ya juma, la sivyo mtapima mashine badala ya mkono.

Nne, cheza gemu ileile, ugumu uleule, raundi tano. Andika alama, na pia mara ulizokusudia kutoa ishara ya kufungua ikatoka ya kufunga.

Tano, kila juma vaa mkono wa bandia wenyewe, uhesabu vipande vya mbao vya sentimita 2.5 unavyovusha juu ya kizuizi kwa sekunde 60, kwani gemu hupima ishara ya msuli, haipimi kushika.

MASWALI

Mwanachama wa Muheza: Gemu gani nzuri?
Jibu: Hatua ya nne. Yoyote, mradi usiibadilishe.

Mwanachama wa Korogwe: Alama zimepanda, niache kliniki?
Jibu: La. Hatua ya tano umeiruka.

Mwanachama wa Pangani: Shikamoo kaka. Mbona nikiinua mkono ishara ya kufunga hutoka yenyewe? Na alama ya kalamu hufutika nikioga.
Jibu: Marahaba dada, umeuliza jambo la maana. Ukiinua mkono, misuli hujikaza ili kuubeba, na kihisio hakijui kutofautisha kubeba na kukusudia. Pima ukiwa umeketi, kisha umesimama mkono ukiwa usawa wa bega, uandike kila kimoja peke yake. Badala ya kalamu, tia nukta za hina kandokando ya kihisio. Piko usiiguse, huweza kuunguza ngozi.

Mwanachama wa Muheza: Mwanamume nami nitie hina?
Jibu: Ni nukta mbili, ndugu yangu. Hakuna atakayekudhania bwana harusi.