Wamebadilisha sheria za langalanga tena? Fanya hivi kabla hujaanza kulalamika

Wadau wa langalanga, yaani Formula 1, hapa Dodoma najua hatuko wengi, mpira umetuzidi mbali, ila tulioko tunabishana kweli kweli, na sheria za 2026 zimetuletea ubishi wa kutosha maana injini mpya, magari mapya, mabawa yanayofunguka na kujifunga gari likiwa mbioni, na DRS, ule mfumo wa zamani wa kufungua bawa la nyuma ili umpite mwenzako, nayo imeondolewa. Kinachoniuma ni watu kuhukumu kitu ambacho hawajakielewa bado. Sheria mbovu zipo, tena nyingi tu, lakini kuna namna ya kuipima sheria na mimi naipima hivi.

Kwanza uliza ilikuja kutibu nini. Usianze na kuipenda au kutoipenda, anza na tatizo. Hizi za 2026 kwa sehemu kubwa ziliandikwa kuwavuta watengeneza magari. Kulikuwa na ile mota inaitwa MGU-H inakaa kwenye turbo, ghali, ngumu kuitengeneza, na kwenye magari ya kawaida ya barabarani huikuti, sasa timu mpya ilikuwa ikiiangalia tu inakata tamaa. Wakaitoa. Ile mota nyingine ya umeme wakaipandisha kutoka kilowati 120 mpaka 350, na mafuta lazima yawe endelevu kwa asilimia 100. Matokeo yake Audi wakaingia, Ford wakarudi kwa kushirikiana na timu ya Red Bull, Honda waliokuwa wameshaaga wakabadili mawazo wakaenda timu ya Aston Martin. Kwa hiyo mtu akisema sheria imefeli muulize imefeli kwenye lipi, maana kwenye hilo ilishafanikiwa kabla hata ya mbio ya kwanza.

Sisi watazamaji tuliwekewa fungu letu pia. Miaka yote tumelalamika magari yamekuwa makubwa kama mabasi, uwanja wa Monaco humpiti mtu, basi safari hii yamefupishwa sentimita 20, yamepunguzwa upana sentimita 10, na uzito wa chini umeshuka kutoka kilo 800 mpaka 768. Ni kidogo ila ni mwelekeo sahihi.

Sasa ugomvi wenyewe uko kwenye betri, na hapa naomba tuelewane vizuri. Karibu nusu ya nguvu ya gari sasa inatoka kwenye umeme, na umeme huo hauchomekwi popote, gari linautengeneza lenyewe likiwa njiani. Ukiwa na gari la haibridi ukatoka Iringa unakuja Dodoma, pale unapoteremka Nyang'oro kuelekea Mtera mguu umetoka kwenye mafuta, ukiangalia kwenye dashibodi unaona betri inajaa. Ndo hichohicho, ila hawa wanakifanya kwa sekunde chache kabla ya kona wakiwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Uwanja wenye breki nyingi kali unajaza vizuri, uwanja wenye njia ndefu zilizonyooka kama Monza unaimaliza haraka kuliko unavyoirudisha. Ndo maana unaweza kumwona dereva anaachia mafuta mapema wakati wewe ulitegemea akanyage mpaka mwisho.

Malalamiko ya hapo mimi nayaona ni ya haki. Kwenye mbio ya Jumapili kutunza umeme ni akili ya dereva, sina shida nayo hata kidogo, ila Jumamosi kwenye kutafuta nafasi ya kuanzia, lapu moja tu, yaani mzunguko mmoja wa uwanja, pale nataka nimwone mtu anatoa kila alichonacho. Sheria ikimlazimisha dereva kubana matumizi kwenye lapu hiyo basi irekebishwe, na nitaendelea kulisema.

La pili, kabla hujabishana na mtu muulize alianza kuangalia mwaka gani. Hili ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kijiweni kwetu Majengo kuna fundi mmoja mtu mzima, kwake injini ni V10 tu, zile za silinda kumi zilizoisha 2005, ukimtajia turbo anaziba masikio kwa mikono yote miwili ananguruma mwenyewe akikuonyesha gari lilivyokuwa linalia. Pembeni yake anakaa dogo wa UDOM aliyeanza 2021 kwa ugomvi wa madereva Hamilton na Verstappen, huyo V10 amezisikia kwenye simu tu, kwake mchezo ni timu kukabana. Wote wanasema wanataka mchezo wa kweli, na kila mmoja mchezo wa kweli kwake ni ule wa mwaka aliouanza. Ukishajua hilo ubishi unapoa, mnaanza kuongea kuhusu sheria yenyewe.

La tatu, sheria za usalama ziweke pembeni kabisa, usizipime kwa uzuri wa kuangalia. Halo, ile fremu ya chuma inayozunguka juu ya kichwa cha dereva, ilipoletwa 2018 watu waliitukana, ikaitwa kandambili, wakasema sura ya gari imeharibika. 2020 pale Bahrain gari la dereva Romain Grosjean likapasua chuma za pembeni, likakatika vipande viwili, likalipuka moto, yule bwana akatoka kwa miguu yake. Bila ile halo tungekuwa tumezika. Tangu siku ile mimi kwenye suala la halo sibishani na mtu.

Kuhusu muda wa kusubiri kabla hujatoa hukumu, inategemea. Kuna vitu unajua siku hiyohiyo. 2016 walileta mfumo wa kumtoa dereva wa mwisho mmojammoja kwenye kutafuta nafasi, dakika za mwisho uwanja ukabaki mtupu, ikaendeshwa mbio mbili tu ikafutwa. Pointi mara mbili Abu Dhabi 2014 nazo hazikuvuka msimu. Hapo mashabiki tulipiga kelele na kelele zilikuwa sahihi. Lakini sheria ya gari zima inahitaji misimu, maana ikibadilika kuna timu moja inapatia na wengine wanabaki wanakuna vichwa. 2014 Mercedes walishinda mbio 16 kati ya 19. Zile za 2022 zililetwa ili magari yafuatane kwa karibu, ikaja 2023 Red Bull wakabeba 21 kati ya 22, kila mtu akasema zimekufa, halafu 2024 madereva saba tofauti kila mmoja alishinda angalau mbio mbili na McLaren wakachukua ubingwa wa timu ambao hawakuushika tangu 1998. Sheria ni zilezile, waliobadilika ni wale waliokuwa nyuma ambao walipewa muda wa kujifunza.

Ukikaa kuangalia sasa, macho yako yaweke kwenye mambo machache. Angalia ovateki, yaani kupitana, inafanyikia wapi. Aliyeko ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzake anapewa umeme wa ziada, kwa hiyo kama kila mtu anapita katikati ya njia iliyonyooka bila mpinzani kujibu kitu, hiyo haina ladha, ila wakifika kwenye breki wawili sambamba na mmoja akamrudia mwenzake kona inayofuata, basi sheria inafanya kazi. Angalia pia kwenye kona za spidi kama wa nyuma anaweza kukaa karibu. Na usipime kwa uwanja mmoja, Monaco itakudanganya na Monza itakudanganya kwa upande mwingine.

Mbio nyingi za Ulaya kwa saa zetu ni saa kumi alasiri Jumapili, na hapo ndo mnagongana na mechi, kwa hiyo mwenye banda muongeleshe tangu Ijumaa, nendeni hata watu sita mkilipa kabisa atawawekea tivii ya pili kule nyuma. Sauti hamtaipata Yanga ikiwa inacheza, hilo lisahau, ila mmoja wenu awe na bando afungue muda wa lapu kwenye simu muone nani anapunguza pengo na nani betri imemwishia.